KODI YA MEKO: DAFTARI LA MFALME NA UMASKINI WA VIJIJI VYA UINGEREZA

Ndugu wafanyakazi, fedha yako ikikatwa una haki ya kuuliza: nani ameamua, na kwa kipimo gani? Swali hili ni la zamani.

Mwaka 1662 Bunge la Uingereza lilimpa Mfalme Charles wa Pili kodi ya meko. Kila jiko ndani ya nyumba lilitozwa shilingi 2 kwa mwaka, nusu mwezi Machi na nusu mwezi Septemba. Si kidogo, maana kibarua wa shamba wakati ule alipata shilingi moja kwa siku au pungufu. Asiyelipa, vyombo vyake vilikamatwa vikauzwa.

Maskini waliweza kusamehewa, lakini kwa cheti. Cheti kilitiwa sahihi na kasisi pamoja na mzee wa kanisa au msimamizi wa maskini, kisha mahakimu wawili wakakithibitisha. Hivyo mnyonge alitegemea kalamu ya wakubwa wa kijiji.

Tazama parokia ya Terling, jimbo la Essex. Daftari la mwaka 1671 linaonyesha kaya 122. Kaya 10 tu zilikuwa na meko 6 au zaidi. Kaya 62, yaani zaidi ya nusu, zilikuwa za jiko moja au zilisamehewa kwa umaskini. Mfalme alitafuta fedha, lakini bila kukusudia aliacha ushahidi wa nani alikuwa nacho na nani hakuwa nacho. Madaftari ya namna hiyo yangali yanatunzwa London.

Kilichowaudhi watu zaidi ni mtoza kodi kuingia majumbani na kuhesabu meko chumba kwa chumba. Mwaka 1689, chini ya William na Mary, kodi hiyo ilifutwa. Sheria iliyoifuta ilikiri kwamba ilikuwa alama ya utumwa.

Hata hivyo, miaka 212 baadaye, mwaka 1901, serikali ya Waingereza ilianzisha kodi ya kibanda huko Kenya. Wengi walilazimika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi ili wapate fedha ya kuilipa. Walichokikataa kwao, wakakipeleka Afrika.

Ndugu, vibarua wa Terling waliandikwa na wengine katika daftari la wengine. Sisi tushike daftari letu wenyewe. Tunza karatasi yako ya mshahara, soma kila makato, na usiloelewa lipeleke kwa mwakilishi wa tawi kabla mwezi haujakwisha.