Siku ya Maktaba ya Mwanao ni Ipi?

Mama mpendwa, je, unaijua siku ya maktaba ya mwanao? Siku ya mtihani tunaijua, siku ya michango tunakumbushwa, na siku ya michezo hatuisahau kwa kuwa nguo zake hufuliwa usiku. Lakini wengi wetu hatujui kama darasa la mtoto lina zamu ya kuingia maktaba, wala kama zamu hiyo inatimizwa.

Shule yenye vitabu vingi lakini isiyo na ratiba haipishani sana na shule isiyo na vitabu. Vitabu hukaa kabatini, ufunguo hukaa mfukoni mwa mwalimu mkuu, na wageni wakija huonyeshwa. Si uvivu. Mwalimu mkuu anaogopa upotevu, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa.

Hesabu ya zamu

Katika shule za msingi za Tanzania, kipindi ni dakika 30 kwa darasa la kwanza na la pili, na dakika 40 kuanzia darasa la tatu. Mwalimu wa maktaba mara nyingi hakusomea ukutubi. Ni mwalimu wa Kiswahili au Kiingereza aliyeongezewa kazi hiyo juu ya vipindi vyake. Tuseme anaweza kufungua mlango vipindi 3 kwa siku. Kwa siku 5 ni zamu 15. Shule ya mikondo miwili, darasa la kwanza hadi la saba, ina madarasa 14. Kila darasa litapata zamu yake kila wiki, na moja itabaki ya kupanga rafu na kugundisha kurasa zilizochanika.

Sasa chukua shule ya mikondo minne. Madarasa ni 28, kwa hiyo kila darasa huingia mara moja kwa wiki mbili. Siku ya zamu ikiangukia sikukuu, mtoto atakaa wiki nne bila kushika kitabu kipya.

Tena kuna hesabu ya dakika. Darasa lina watoto 80. Ikiwa kuandika kitabu cha kila mmoja kunachukua nusu dakika, dakika 40 zimekwisha na hakuna aliyesoma hata ukurasa. Ndiyo maana walimu wazoefu huwagawa: nusu huingia, nusu hubaki na mwalimu wa darasa wakisoma vitabu vya sandukuni, na zamu ijayo hubadilishana. Wengine hukusanya vitabu vinavyorudishwa asubuhi kabla ya kengele, na kuwafundisha wanafunzi wakubwa kuandika kadi. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa Tanzania mwaka 1991, umewafundisha walimu wengi uendeshaji wa maktaba za namna hii.

Huko Marekani wamebishana miaka mingi kama kila darasa liwe na siku yake maalumu, au maktaba iwe wazi na mwalimu aombe nafasi kazi inapomdai. Mwaka 1991 chama cha wakutubi wa shule cha huko kiliunga mkono njia ya pili. Ni njia nzuri palipo na mkutubi wa kudumu. Kwetu, penye mwalimu mmoja na chumba kimoja, naona siku maalumu ni bora, hasa kwa wadogo. Kipindi kisicho na siku yake huchukuliwa na mwingine.

Na hata chenye siku huchukuliwa! Mtihani wa darasa la nne na la saba ukikaribia, kipindi cha kwanza kutolewa ni cha maktaba, nacho hugeuzwa kuwa cha majaribio ya hisabati. Walimu hawafanyi hivyo kwa ubaya, kwani shule hupimwa kwa matokeo. Lakini mtoto asiyesoma kwa wepesi hulielewa swali la hisabati nusunusu. Hata Jumapili tunamwona: akiitwa kusoma somo kanisani, anatafuta maneno kwa kidole huku mama yake akiinamisha kichwa.

Kitabu kikifika nyumbani

Lawama nyingine ni yetu. Wapo akina mama wanaomkataza mtoto kuazima wakiogopa kulipa kitabu kikipotea. Mashaka hayo yana msingi, maana mdogo wake huchana na mchuzi humwagika. Mfuko wa kitambaa wenye kamba, uliotundikwa msumarini mahali mdogo asipofika, unamaliza sehemu kubwa ya tatizo. Siku ya kurudisha iandikwe kwenye kalenda ya ukutani, kwa sababu kitabu kisiporudi mtoto haazimi kingine na zamu yake inapita bure. Timotheo aliyajua Maandiko tangu utotoni katika nyumba ya mama yake Eunike na bibi yake Loisi. Bila shaka kulikuwa na kazi nyumbani humo pia.

Kwenye kikao cha wazazi, mwulizeni mwalimu wa taaluma mambo mawili: ratiba ya maktaba imebandikwa wapi, na zamu iliyopotea inafidiwa lini. Ulizeni pia habari ya likizo ya Juni. Shule nyingine huwaruhusu watoto kwenda na vitabu viwili nyumbani. Mwulize mapema, kwani wiki ya mwisho kabla ya kufunga huwa ya kuhesabu vitabu, na kabati halifunguliwi.