Albamu Bila Mhakiki: Soko la Andagraundi Kilosa na Mikumi

Kwenye kibanda cha kujaza nyimbo, mteja haulizwi anapenda msanii gani. Anaulizwa: "Memori kadi au flashi?" Nafasi ndiyo bei. Nyimbo zimepangwa kwa mafolda: Bongo Fleva, singeli, taarab, za dini. Albamu nzima ya msanii mmoja ni nadra humo, na ya andagraundi wa Kidodi au Ruaha itakuwamo kama kaileta mwenyewe.

Ajabu ni kwamba Mikumi, jimbo la Kidodi na Ruaha, lina historia na albamu. Mwaka 2015 wapiga kura wake walimpeleka bungeni Joseph Haule, Profesa Jay, kwa tiketi ya CHADEMA, akakaa hadi 2020. Jina lake lilijengwa na kaseti: Funga Kazi (2000) akiwa na kundi la Hard Blasters, kisha Machozi, Jasho na Damu (2001) na Mapinduzi Halisi (2003). Enzi hizo msanii alirekodi, akapeleka masta kwa msambazaji Kariakoo, akapewa chake, kaseti zikashuka mikoani. Zimeuzwa ngapi? Hilo alilijua msambazaji. Wasanii waliumia, sawa, lakini kaseti iliuzwa nzima, upande A na B, na vijiweni watu walibishana wimbo kwa wimbo.

Leo hela hutafutwa kwa wimbo mmoja mmoja, Boomplay na YouTube, na kwa shoo. Mhakiki anayesikiliza nyimbo kumi na mbili na kusema tano ni za kujazia hana wa kumlipa. Mahojiano ya redio nayo huenda kwa aliyekwisha kuvuma; andagraundi hulalamika kila siku kwamba bila kutoa chochote wimbo wake hauchezwi. Na sifa zilizolipiwa ni tangazo, ziitwe hivyo.

Faida ya kuhakikiwa wameiona wengine. Sunburst, bendi ya roki ya Kiafrika iliyotamba Dar es Salaam miaka ya 1970, ilirekodi albamu ya Ave Africa mwaka 1976. Ilisubiri hadi 2016 ndipo Strut, lebo ya London, ikaitoa upya pamoja na rekodi nyingine za bendi hiyo. Mwaka uliofuata Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso, Dar es Salaam. Muziki uleule wa sherehe za vigodoro, ambao wengi mjini waliuona wa kihuni, ukaandikiwa makala na wahakiki wa Ulaya, na vijana wake wakapanda majukwaa ya huko.

Tangu 2024 treni ya SGR inasimama Kilosa, kwa hiyo safari ya kwenda kurekodi Dar es Salaam imekuwa fupi. Kazi ikirudi nayo, kituo chake cha kwanza bado ni kile kibanda, na bei ni ileile ya nafasi kwenye flashi.