Liverpool ya Slot: bili ya Agosti, pointi za Mei

Dirisha la usajili la kiangazi cha 2024 lilipofungwa, Liverpool walikuwa wameleta mchezaji mmoja tu wa kucheza msimu ule: Federico Chiesa kutoka Juventus. Kipa Giorgi Mamardashvili alinunuliwa pia, lakini akaachwa Valencia amalizie msimu huko. Kiungo waliyemtaka hasa, Martín Zubimendi, aliwakatalia akabaki Real Sociedad. Kocha naye alikuwa mgeni: Arne Slot, aliyetoka Feyenoord kurithi kiti cha Jürgen Klopp. Miezi minane baadaye, tarehe 27 Aprili 2025, waliichapa Tottenham 5-1 na kutwaa ubingwa zikiwa zimebaki mechi nne.

Kiangazi kilichofuata mambo yaligeuka. Alexander Isak alinunuliwa kwa pauni milioni 125, Florian Wirtz kwa bei inayoweza kufika milioni 116, Hugo Ekitike kwa inayoweza kufika 79, Milos Kerkez 40, Jeremie Frimpong 29.5, na kijana Giovanni Leoni 26. Jumla ni pauni milioni 415.5. Kocha alikuwa yuleyule. Madirisha haya mawili, yakiwekwa kando kwa kando, yanatupa nafasi adimu ya kupima hukumu tunazozitoa kila Agosti kabla mpira haujachezwa.

Kwanza istilahi. Ada ya uhamisho ni fedha inayolipwa klabu inayouza. Mshahara wa mchezaji haumo. Nyongeza ni sehemu ya ada inayolipwa baadaye, masharti fulani yakitimia, kama idadi ya mechi au vikombe. Fidia ni malipo ya kumtoa kocha kwenye mkataba wake. Tarakimu zote za ada hapa zinajumuisha nyongeza, yaani ni kiwango cha juu kabisa kama kilivyoripotiwa, na huenda nyingine zisilipwe kamwe. Kwa shilingi natumia pauni 1 kwa shilingi 3,300 za Tanzania, au 170 za Kenya. Kiwango hupanda na kushuka, kwa hiyo zichukuliwe kama kipimo cha ukubwa tu.

Kwa kipimo hicho, bili ya 2025 ni takribani shilingi trilioni 1.37 za Tanzania, au bilioni 70.6 za Kenya. Mkataba wa Azam Media wa kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania, uliosainiwa mwaka 2021, ulikuwa wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Kiangazi kimoja cha Liverpool ni kama mara 6 ya mkataba huo mzima.

Bili ya 2024 inasomeka tofauti kabisa. Chiesa ni milioni 12.5 na Mamardashvili 29, jumla 41.5. Upande wa mauzo, Brentford waliwachukua Fábio Carvalho kwa 27.5 na Sepp van den Berg kwa 25, na Bobby Clark akaenda Salzburg kwa 10. Hiyo ni 62.5. Liverpool walibaki na ziada ya milioni 21. Ukitoa fidia ya Slot, iliyoripotiwa kuwa milioni 9.4, inabaki 11.6, sawa na shilingi bilioni 38. Kwa lugha ya kawaida, klabu ilibadilisha kocha, ikanunua winga na kipa, ikabaki na chenji.

Watu wengi huchukua hapo bei na kuigawa kwa pointi. Milioni 12.5 za Chiesa kwa pointi 84 za msimu ni kama pauni 149,000 kwa pointi. Hesabu ni sahihi, lakini haina maana, kwa sababu Chiesa alicheza dakika 104 tu za ligi. Timu moja ina takribani dakika 37,620 za wachezaji katika msimu wa mechi 38. Dakika 104 ni asilimia 0.28. Zaidi ya asilimia 99.7 ya kazi ilifanywa na watu waliokuwa mali ya klabu kabla Slot hajafika, na bei zao zililipwa miaka ya nyuma.

Kigawanyo chenye mantiki zaidi ni mishahara, kwa sababu inamlipa kila anayecheza. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24 Liverpool waliingiza pauni milioni 614 na kulipa mishahara ya milioni 386, yaani karibu asilimia 63. Walipata pointi 82. Hiyo ni pauni milioni 4.7 kwa pointi, au shilingi bilioni 15.5. Hata hapa pana tatizo: mishahara hiyo inawalipa pia watumishi wasiogusa mpira, na mechi za makombe hazimo katika pointi. Lakini walau inagawa gharama ya timu kwa kazi ya timu.

Sasa kocha. Msimu wa mwisho wa Klopp, 2023/24, Liverpool walishinda mechi 24, sare 10, wakafungwa 4. Mabao ya kufunga 86, ya kufungwa 41, pointi 82, nafasi ya 3. Msimu wa kwanza wa Slot walishinda 25, sare 9, wakafungwa 4. Mabao ya kufunga 86, ya kufungwa 41, pointi 84, nafasi ya 1. Mabao ni yaleyale kwa idadi, kila upande. Tofauti ni sare moja iliyogeuka ushindi.

Ukizisoma hivyo, ubingwa unaonekana kama zawadi ya wapinzani. Mwaka 2024 bingwa, Manchester City, alikuwa na pointi 91, tisa mbele ya Liverpool. Mwaka 2025 aliyewafuata Liverpool, Arsenal, alikuwa na 74, kumi nyuma. Pengo limegeuka kwa pointi 19, na kati ya hizo Liverpool wenyewe walichangia 2. Pointi 17 zilizobaki, asilimia 89, zilitokana na wengine kushuka: City walianguka kutoka 91 hadi 71, Arsenal kutoka 89 hadi 74. Pointi 84 za bingwa wa 2025 zisingetosha hata kushika nafasi ya pili mwaka mmoja kabla. Na Klopp mwenyewe aliwahi kumaliza na 97 mwaka 2019 akawa wa pili.

Wengi wasiomkubali Slot huishia hapo. Mimi naona hesabu hiyo ina dhana mbaya ndani yake: kwamba mechi zote 38 zilichezwa kwa uzito mmoja. Hazikuchezwa hivyo. Kombe lilikuwa limeshapatikana baada ya mechi 34, na katika nne zilizobaki Liverpool walichukua pointi 2 kati ya 12. Hakuna aliyekuwa akikimbizana nao tena.

Tukikata misimu yote miwili kwenye mechi ya 34, sura inabadilika. Klopp alikuwa na pointi 74, mabao 75 ya kufunga na 34 ya kufungwa. Slot alikuwa na pointi 82, mabao 80 na 32. Nyongeza sasa ni pointi 8, karibu asilimia 11. Kasi ya pointi 82 katika mechi 34, ikiendelezwa hadi 38, inatoa kama 91.6, yaani kiwango kilekile cha City ya 2024. Najua kuendeleza kasi ni kubahatisha. Lakini kulinganisha mechi za mapumziko na mechi za vita ni kubahatisha zaidi, na kwa hiyo nashikilia 8, si 2.

Pointi hizo 8 zilitoka wapi, ikiwa karibu hakuna mgeni aliyecheza? Jibu kubwa ni Mohamed Salah. Msimu wa 2023/24 alifunga 18 na kutoa pasi 10 za mabao katika ligi: alihusika katika mabao 28 kati ya 86, asilimia 32.6. Msimu wa Slot alifunga 29 na kutoa pasi 18: mabao 47 kati ya 86, asilimia 54.7. Idadi ya mabao ya timu haikuongezeka hata moja, ila sehemu ya Salah iliongezeka kwa zaidi ya theluthi mbili. Salah mwenyewe alieleza hadharani kwamba alikubaliana na kocha apunguziwe kazi ya kukaba. Huo ni uamuzi wa kocha, na hauna mstari katika bili ya usajili.

Jibu la pili ni Ryan Gravenberch. Klabu ilikuwa tayari kulipa kifungu cha kumng'oa Zubimendi, takribani pauni milioni 51, sawa na shilingi bilioni 168. Alipokataa, Slot alimrudisha Gravenberch kucheza kiungo cha chini, na Mholanzi huyo akacheza mechi 37 kati ya 38 za ligi. Siwezi kusema Zubimendi angecheza vibaya zaidi. Ninachosema ni kwamba bilioni 168 hazikutumika na pengo likazibika, na kazi ya aina hiyo ndiyo ambayo fidia ya milioni 9.4 ilikuwa inanunua.

Ni fidia kubwa? Chelsea waliwalipa Brighton pauni milioni 21.5 kwa ajili ya Graham Potter, Septemba 2022. Akasimamia mechi 31, akashinda 12, akaondolewa Aprili: karibu pauni 694,000 kwa mechi. Slot katika msimu wake wa kwanza alisimamia mechi 56 za mashindano yote: pauni 168,000 kwa mechi. Sehemu ya tofauti hii ni ya kimahesabu tu, kwa kuwa kila kocha anayebaki kazini hushusha wastani wake. Pia klabu hizi mbili hazikuwapa makocha kitu kimoja. Chelsea walikuwa wanajenga kikosi upya katikati ya msimu, wakamaliza wa 12 na pointi 44. Slot alikabidhiwa timu iliyokuwa ya tatu, na majukumu ya usajili yalikuwa ya mkurugenzi wa michezo, Richard Hughes. Cheo chake Slot kilikuwa kocha mkuu, si meneja kama Klopp.

Ndipo tunafika 2025, na hapa nachukua kwa makusudi mechi 12 za mwanzo wa msimu, kwa sababu ndizo zilizozua kelele. Baada ya mechi 12 Klopp alikuwa na pointi 27 mwaka 2023. Slot alikuwa na 31 mwaka 2024, na bili ya milioni 41.5. Mwaka 2025 alikuwa na 18, na bili ya milioni 415.5. Bili imezidishwa kwa 10, pointi zimepungua kwa asilimia 42.

Tarakimu hizo zinavutia, na ndiyo maana zinahitaji kuchunguzwa. Liverpool walianza na ushindi mara tano mfululizo, kisha wakapoteza sita kati ya mechi saba. Waliosifu mwanzo na waliolaani kilichofuata walikuwa wanatazama timu ileile. Katika mechi nne kati ya zile tano za mwanzo, bao la ushindi liliingia baada ya dakika ya 80 matokeo yakiwa sare. La kwanza, dhidi ya Bournemouth, lilifungwa na Chiesa yuleyule wa dakika 104. Yaondoe mabao hayo na pointi 15 zinakuwa 7. Dalili zilikuwepo ndani ya ushindi.

Halafu kuna kilichoondoka. Luis Díaz na Darwin Núñez waliuzwa, na Diogo Jota alifariki kwa ajali ya gari nchini Hispania Julai 2025. Jota simweki katika hesabu ya usajili. Msiba wa mwenzao katikati ya maandalizi hauna kipimo cha pauni, na yeyote aliyewahukumu wachezaji hao Novemba bila kuukumbuka amehukumu vibaya. Kwa upande wa mpira peke yake, watatu hao walifunga mabao 13, 5 na 6 ya ligi katika msimu wa ubingwa: 24 kati ya 86, asilimia 28. Zaidi ya robo ya mabao ilipaswa kujengwa upya.

Waliokuja kuijenga hawakuanza pamoja. Isak alifika siku ya mwisho ya dirisha. Leoni aliumia goti katika mechi yake ya kwanza. Wirtz na Isak, ambao ni asilimia 58 ya bili, hawakuwa wamefunga bao lolote la ligi baada ya mechi 12.

Na bili yenyewe si milioni 415.5 kwa maana watu wanayoidhani. Mauzo ya kiangazi hicho yalizidi milioni 200 pamoja na nyongeza, kwa hiyo matumizi halisi ni karibu nusu. Zaidi ya hapo, vitabu vya hesabu huigawa ada kwa miaka ya mkataba, isiyozidi mitano kwa kanuni za UEFA na za Ligi Kuu ya Uingereza. Isak ni milioni 25 kwa mwaka, Wirtz 23.2. Kundi zima ni takribani 83.1 kwa mwaka, asilimia 13.5 ya mapato ya 2023/24. Chiesa, kwa mkataba wa miaka minne, ni 3.1.

Hukumu yangu kwa kiangazi cha 2024 ni hii: kocha alifaulu, na kipimo chake ni pointi 8, si kombe zima wala pointi 2. Usajili wenyewe haukufaulu wala kufeli, kwa sababu haukuchezeshwa. Kwa kiangazi cha 2025, mechi 12 zinatosha kusema kwamba timu ilivunjwa haraka kuliko ilivyoweza kuunganishwa. Hazitoshi kusema kama Wirtz au Isak ni hasara, kwa sababu ada zao zitaendelea kuandikwa vitabuni hadi mwaka 2030.