USALAMA NA AFYA: KIATU CHA MPIRA KIFUATE MGUU, SI MGUU KUFUATA KIATU



Siku moja asubuhi, mwanzo wa juma, kijana mmoja wa karakana, mkaaji wa Golf, aliingia katika dispanseri yetu akichechemea. Kiatu chake cha kazi kilikuwa hakikufungwa kamba. Nikamwuliza: «Ndugu, mguu una nini?» Akajibu: «Muganga, si kitu. Ni mpira tu wa juma lililopita.»

Alipovua soksi, niliona nyuma ya kisigino kidonda chenye usaha. Wekundu ulikuwa umepanda mpaka kwenye ndama ya mguu. Chini ya kinena palikuwa na tezi iliyovimba, na homa ilikuwa digri 39. Tulimpeleka hospitali siku ile ile. Alipona, tunashukuru, lakini alikaa siku 12 bila kwenda kazini.

Asili yake ilikuwa nini? Alinunua sokoni viatu vya mpira vilivyokwisha kuvaliwa, nambari 41, kwa sababu vilikuwa vizuri machoni na bei ilikuwa ndogo. Mguu wake ni nambari 43. Lengelenge likatoka, likapasuka, naye akalificha siku nne ndani ya kiatu cha kazi chenye joto na jasho. Alimwogopa kapita, na aliogopa pia kuachwa nje ya ekipi.

Hapa Lubumbashi mpira uko katika damu yetu. Nyumba moja ni ya Mazembe, nyumba ya pili ni ya Lupopo, na pengine baba na mtoto hawasemezani siku ya derby. Mimi sikatazi mpira. Mpira ni afya. Ninataka tu mchezaji wa Jumapili awe mfanyakazi mzima wa Jumatatu.

KUPIMA MGUU
Pima mguu jioni, maana mchana kutwa mguu huvimba kidogo. Vaa soksi zile za mpira, simama juu ya karatasi, mtu mwingine akuchoree miguu yote miwili. Mara nyingi mguu mmoja unapita mwenzake. Nunua kwa kipimo cha ule mkubwa. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole cha mkono. Kisigino kisipande wala kushuka unapotembea. Kiatu kijikunje pale vidole vinapoanzia. Kikijikunja katikati ya soli, kiache.

Kiatu cha mitumba kitazame vizuri zaidi. Kiweke juu ya meza: kikilala upande mmoja, mwenyewe wa kwanza alikuwa akikanyaga upande ule, nacho kitakulaza wewe vile vile. Ingiza mkono ndani, utafute msumari au krampo iliyotoboa soli. Soli ya ndani ya zamani itupe, uweke mpya.

KRAMPO NA UWANJA
Tarehe 4 Julai 1954, mjini Bern, Ujerumani Magharibi iliifunga Hungaria 3-2 katika fainali ya Kombe la Dunia. Mvua ilinyesha, na Wajerumani walikuwa na viatu vya Adolf Dassler vyenye krampo za kufungua na kufunga. Wakaweka zilizo ndefu. Wengi wetu tulijifunza hapo kwamba krampo ndefu ndiyo nzuri. Hapana. Walichagua krampo kwa uwanja wa siku ile.

Udongo wetu mwekundu wa Golf, mvua ikikatika toka mwezi wa tano, unakuwa mgumu kama saruji. Krampo sita ndefu za chuma haziingii. Zinasukuma juu na kuumiza nyayo. Huko tafuta soli ya kaucho yenye krampo nyingi fupi. Wakati wa mvua, juu ya majani laini, ndefu zina kazi yake. Juu ya majani ya bandia, kama yale yaliyotandikwa katika uwanja wa Mazembe, Kamalondo, ulipofunguliwa mwaka 2011, vaa pia fupi na nyingi. Krampo ndefu ikishikwa chini, mwili unageuka na mguu unabaki. Anayelipa ni goti.

KUTENGENEZA KIATU
Mambo mengi fundi wa viatu anaweza kuyafanya kwa fedha kidogo:

— Kiatu cha ngozi kikibana mahali pamoja, kwa mfano penye nundu ya kidole gumba, akipanue kwa kalibu ya mti. Usikikaushe karibu na mbabula, ngozi inapasuka.
— Juu ya mguu pakiuma, ruka tundu moja la kamba mahali pale.
— Chini ya nyayo pakiwa na sugu yenye maumivu, kata tundu katika soli ya ndani mahali pale, ili uzito ubebwe na pembeni.
— Mshipa wa nyuma ya kisigino ukiuma, weka kipande cha soli chini ya kisigino, unene wa milimita 5 hivi, katika viatu vyote viwili. Hiki husaidia pia watoto wa miaka 8 mpaka 14 wanaolia kisigino wakati wa kukua.
— Krampo iliyochongoka isuguliwe kwa tupa. Usikate krampo za upande mmoja tu, kifundo kitapinduka.

Mama, usimnunulie mtoto kiatu kikubwa sana «akue nacho». Mguu unaocheza ndani ya kiatu hutoka malengelenge.

KIATU SI DAWA YA KILA KITU
Kifundo kilichoteguka, ukishindwa kukanyaga hatua nne, njoo tupige picha ya radio. Kikianza kupona, simama kwa mguu mmoja kila siku ili kuuzoesha, na ukirudi kucheza fungwa bendi. Usirudi kabla hujaweza kuruka kwa mguu ule bila maumivu. Lengelenge usilitoboe: osha kwa sabuni, funika kwa kitambaa safi. Ukikatwa, uliza kama chanjo yako ya pepopunda ingali na nguvu. Mwenye ugonjwa wa sukari atazame miguu yake kila jioni.

Yule kijana sasa anacheza tena, na nambari 43. Aliniambia: «Muganga, siku zile 12 mke wangu hakuniuliza nani alishinda. Aliuliza tutakula nini.»

Ndugu, kidonda kidogo kionyeshe siku ya kwanza. Dispanseri haikufukuzi katika ekipi, inakurudisha.