Polisi Anapoua, Nani Anamwuliza?

Katika ziara zetu sharikani swali hili limejirudia tangu matukio ya tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, na siku zilizofuata. Wafadhili nao huuliza kama jambo hili ni kazi ya idara ya maendeleo. Sisi tunaona kuwa ni kazi yetu. Baba au kijana akiuawa, ada ya shule, shamba na matibabu ya wazee huyumba siku hiyo hiyo. Familia isipopewa maelezo, msiba hauishi.

Sheria inasemaje

Ibara ya 14 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kuishi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu askari kutumia nguvu anapokamata mtu, lakini si zaidi ya inavyohitajika. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana, Cuba, mwaka 1990 zinafafanua zaidi. Silaha ya moto itumike pale tu maisha yanapokuwa hatarini, na njia nyingine zikiwa hazitoshi. Askari ajitambulishe na atoe onyo. Majeruhi apewe huduma haraka, ndugu zake wajulishwe, na taarifa ya tukio iandikwe.

Hatusemi kwamba kazi ya askari ni nyepesi. Aprili 2017 askari 8 waliviziwa na kuuawa Kibiti, nao waliacha wajane na yatima. Askari anayeshambuliwa anayo haki ya kujitetea. Anachodaiwa ni maelezo yanayoweza kuhakikiwa na mtu mwingine.

Mafunzo ya kesi mbili

Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wa teksi waliuawa Dar es Salaam. Polisi walitangaza kwamba wameua majambazi. Rais aliunda tume chini ya Jaji Kipenka, na maofisa wa polisi wakashitakiwa. Mahakama Kuu iliwaachia mwaka 2009. Serikali ilikata rufaa, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani ofisa mmoja. Familia zilisubiri miaka 10. Bila tume ile, huenda neno "majambazi" lingebaki kuwa ndiyo historia yao.

Septemba 2012 mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, Iringa, akiwa kazini. Picha zilizopigwa pale zilionyesha askari wakiwa wamemzunguka. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Ushahidi uliotunzwa mapema ulikuwa na uzito mkubwa.

Nani anachunguza

Sheria ya Uchunguzi wa Vifo inaelekeza kwamba kifo cha kutatanisha, au kilichotokea mikononi mwa polisi, kichunguzwe. Ipo pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, inayopokea malalamiko ya wananchi, ingawa yenyewe hutoa mapendekezo na si hukumu. Ugumu huja pale polisi wanapopeleleza polisi wenzao. Kenya ilitunga sheria mwaka 2011 na kuunda mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi. Hapa kwetu, Tume ya Haki Jinai iliyokabidhi ripoti Julai 2023 ilipendekeza upelelezi utenganishwe na Jeshi la Polisi. Kuhusu matukio ya Oktoba 2025, Serikali iliunda tume mwezi Novemba mwaka huo, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman.

Kamati ya usharika ifanye nini

- Iitembelee familia mapema, hata kama marehemu anatajwa kuwa mhalifu.
- Iishauri familia iombe daktari achunguze mwili kabla ya mazishi, na itunze nakala za nyaraka zote.
- Iandike tarehe, saa, mahali na majina ya walioshuhudia. Isiandike uvumi, na isitaje mashahidi hadharani.
- Iiunganishe familia na msaidizi wa kisheria anayetambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.
- Ikemee wananchi kujichukulia sheria mkononi. Hatuwezi kumdai askari afuate sheria huku sisi tunamchoma moto kibaka.

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 21, maiti ikikutwa shambani na muuaji hajulikani, wazee hupima umbali hadi mji ulio karibu, na wazee wa mji huo huwajibika kusimama mbele za Mungu kwa ajili ya damu hiyo. Hawaulizi kwanza kama marehemu alikuwa mtu mwema. Mchango wenu, wapendwa wafadhili, hulipa nauli ya mjane kwenda mahakamani na mafunzo ya wazee wa kanisa watakaofuatana naye. Tunaomba kila kamati iliweke jambo hili katika ajenda ya kikao chake kijacho.