Buibui na Wadudu Ndani ya Motokaa: Namna ya Kuwaondoa Pasipo Hatari

Motokaa inayolala nje usiku, hasa chini ya mwembe au kando ya ua wa miti, hailali peke yake. Buibui hutandaza utando wake kati ya kioo cha pembeni na mlango. Sisimizi hupanda kwa magurudumu. Na mende aliyekuja pamoja na katoni kutoka sokoni hujitafutia makao chini ya kiti. Mwenye gari hana habari nao mpaka siku moja, akiwa katikati ya barabara yenye malori, watoto wakiwa nyuma, aone kiumbe chenye miguu minane kikishuka kwa uzi mbele ya uso wake.

Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Buibui walio wengi hawawezi kumdhuru mtu, lakini mshtuko wa dereva waweza kuwaua watu waliomo garini na waliomo njiani. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva auachaye usukani kwa sekunde 2 tu ili ajipapase shingoni amekwisha kwenda mita 44 bila kuliongoza gari. Kwa hiyo yafaa kila aendeshaye aazimie tangu nyumbani atakalofanya: kuushika usukani kwa mikono miwili, kupunguza mwendo polepole, kuonyesha taa ya ishara, na kusimama nje ya barabara kabla ya kumshughulikia mgeni huyo. Watoto nao wafundishwe kusema kwa sauti ya kawaida kwamba wamemwona mdudu. Ukelele wa ghafula nyuma ya dereva ni mbaya kuliko buibui mwenyewe.

HUFUATA CHAKULA

Buibui haingii garini kwa kupenda viti vyake. Hufuata chakula, nacho ni wadudu. Wakazi wa kando ya Ziwa Viktoria, kuanzia Entebbe na Jinja hata Kisumu na Bukoba, wanalijua jambo hili kuliko wengine, kwani wadudu wadogo wa ziwani hutoka majini kwa mamilioni, wakapanda juu kama moshi mweusi. Baadhi yao hutoka kwa kufuata mwezi, wakawa wengi zaidi katika siku chache baada ya mwezi kuandama. Usiku huvutwa na taa, na buibui hukaa karibu na taa hizo wakiwangoja. Gari likiwekwa chini ya taa ya uwanjani, au likiachwa milango wazi huku taa ya ndani ikiwaka wakati mizigo inapakuliwa, limekwisha tandikiwa karamu. Dawa ya kwanza, wala haina gharama, ni kuzima taa ya ndani, kufunga vioo hata juu, na kuliweka gari mbali na taa, majani marefu na rundo la kuni.

Baadhi ya wenye magari hulalamika kwamba kila asubuhi huufuta utando wa kioo cha pembeni, na kesho yake waukuta tena. Sababu ni kwamba wanafuta nyumba na kumwacha mwenye nyumba. Buibui huyo mchana hujificha nyuma ya kioo, ndani ya ganda la plastiki, na usiku hutoka kufuma upya. Atafutwe jioni kwa tochi, wakati amekaa katikati ya utando, achukuliwe kwa bilauri na kipande cha karatasi ngumu, apelekwe mbali bustanini. Akiwa amejificha, ule mwanya wa nyuma ya kioo upulizwe kwa upepo wa kujazia matairi, kisha usafishwe kwa brashi ndogo na maji ya sabuni. Jambo hilo likirudiwa kwa muda wa juma moja, mara nyingi huwa limekwisha.

Kifuko cha mayai kisiachwe. Hicho huonekana kama kidonge cha pamba kilichobanwa pembeni, chini ya dashibodi, kwenye bawaba za buti au ndani ya shimo la gurudumu la akiba. Ajihadhari hasa aonaye kifuko kilichojaa vijimiba pande zote, mfano wa tufe lenye miiba. Hicho ni cha buibui wa kahawia mwenye alama ya rangi ya chungwa chini ya tumbo, ambaye wataalamu humwita Latrodectus geometricus. Yupo Afrika na katika nchi nyingine nyingi za joto, hupenda matao ya magurudumu na sehemu za chini za gari, na kifuko kimoja huweza kuwa na mayai zaidi ya 100. Kuumwa naye huleta maumivu, ingawa ni nadra kuwa jambo kubwa. Hata hivyo asishikwe kwa mkono mtupu. Anayebadilisha gurudumu na avae glavu, amulike kwanza ndipo aingize mkono.

Wala si haki kuwaua buibui wote. Kando ya Ziwa Viktoria, upande wa Kenya na Uganda, yuko buibui mrukaji mdogo aitwaye Evarcha culicivora. Wataalamu waliomchunguza waliona kwamba yeye huwachagua mbu waliokwisha kunyonya damu, na miongoni mwa mbu humpenda zaidi yule wa jamii ya Anopheles, aletaye malaria. Buibui wa namna hiyo akionekana kwenye kioo cha mbele gari likiwa limesimama, afunguliwe mlango aende zake kwa heshima.

MIFEREJI ILIYOZIBWA

Hata viwanda vikubwa vimesumbuliwa na viumbe hawa. Mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliyaita karakanani magari yapatayo 65,000 ya aina ya Mazda6 huko Amerika ya Kaskazini, kwa kuwa buibui mmoja wa rangi ya manjano alikuwa akifuma ndani ya bomba la kupumulia la tangi la petroli. Inasemekana kwamba huvutwa na harufu ya petroli. Bomba likizibwa, tangi hushindwa kupumua, na mwisho laweza kupasuka na kuvuja. Mwaka 2014 kampuni hiyo ikalazimika kuyaita mengine yapatayo 42,000 kwa sababu hiyo hiyo. Toyota nayo, mwaka 2013, iliita magari zaidi ya 800,000, miongoni mwake Camry, Avalon na Venza: tando za buibui ziliweza kuziba bomba litoalo maji ya kifaa cha kupoza hewa, maji yakadondokea chombo kiongozacho mifuko ya hewa, na mfuko ukaweza kufumuka dereva akiwa njiani.

Kwa hiyo mwenye gari aonaye maji yakilowesha zulia la mbele asidhani tu kwamba mvua imeingia. Amwombe fundi alitazame bomba hilo la maji. Na asikiaye harufu ya petroli asikawie hata siku moja.

Nyigu wajengao kwa udongo ni hodari zaidi katika kuziba. Tarehe 6 Februari 1996 ndege ya abiria aina ya Boeing 757 ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, katika Jamhuri ya Dominika, wakafa wote 189 waliokuwamo. Wachunguzi waliona kwamba kijibomba kimoja cha kupimia mwendo kilikuwa kimezibwa, na yaelekea kilizibwa na nyigu wa udongo wakati ndege ilipokaa siku kadhaa bila vifuniko. Motokaa si ndege, lakini gari lililokaa miezi bila kuendeshwa lisitiwe moto kabla bomba la moshi, chujio la hewa na pembe za boneti hazijatazamwa.

KAZI YA KUSAFISHA

Siku ya kusafisha, gari litolewe kila kitu: mazulia, magazeti ya zamani, chupa, viatu vya watoto, gurudumu la akiba na vyombo vyake. Yote yakung'utwe mbali na gari. Viti visogezwe mbele kabisa, pafagiwe nyuma yake, kisha visogezwe nyuma pafagiwe mbele yake. Mwenye mashine ya kunyonya vumbi aipitishe polepole katika mishono ya viti, katika mipira ya milango, na katika tundu za kutolea hewa, kisha mfuko wa taka ufungwe na kutupwa mara moja, kwani buibui na mende hutoka humo wakiwa hai. Asiye na mashine atumie brashi ngumu na kitambaa kilicholoweshwa maji ya sabuni. Chujio la hewa iingiayo ndani, ambalo katika magari mengi liko nyuma ya sanduku dogo la dashibodi, litolewe litazamwe.

Mende wana shida yao. Mende mdogo wa kahawia hubeba kifuko chenye mayai kama 30 hadi 40 mpaka yakaribie kuanguliwa, hivyo jike mmoja aliyeingia na gunia au katoni atosha kuijaza motokaa nzima. Makombo ya mkate, maganda ya karanga na soda iliyomwagika ndivyo vinavyowalisha, na palipo makombo dawa haifui dafu. Baada ya kusafisha, chambo cha mende cha dukani kiwekwe chini ya viti mahali ambapo mtoto hafikishi mkono. Sisimizi hutaka kazi nyepesi zaidi: njia yao ifutwe kwa sabuni, kwa kuwa wanafuata harufu waliyoiacha wenzao, na gari lihamishwe majani yasiguse magurudumu.

Kunguni hapendezi kutajwa, lakini huingia kwa mizigo ya wasafiri, hasa katika teksi. Hujulikana kwa madoa meusi madogo kwenye mishono ya viti. Joto humuua. Akipata nyuzi 50 za Selsiasi kwa muda wa kutosha hafi yeye tu, hata mayai yake huharibika. Wengi huliacha gari limefungwa juani kwa ajili hiyo, nalo ni jambo jema, ila joto la dashibodi halifiki upesi ndani ya sponji ya kiti. Mvuke wa moto uliopitishwa mshono kwa mshono ndio ufanyao kazi. Gari hilo la juani lisiwe na mtoto wala mnyama ndani hata kwa dakika chache, wala kopo la dawa ya kupulizia, kwa maana hilo laweza kulipuka.

Kuhusu dawa za sumu, hapa ndipo wengi wanapopita kiasi. Hununua dawa ya mashamba kwa sababu ni kali na rahisi, wakainyunyiza kwenye viti ambavyo kesho yake mama ataketi na mtoto mchanga. Motokaa ni chumba kidogo kuliko vyumba vyote vya nyumba, na sumu hukaa humo muda mrefu. Dawa ya mashamba isiingizwe kabisa. Dawa ya nyumbani ikiwa ni lazima, ipuliziwe kidogo, injini ikiwa imezimwa na pasipo mtu avutaye sigara, kwa kuwa makopo hayo hushika moto. Gari lifungwe kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha milango yote iachwe wazi mpaka harufu iishe, na usukani, viti na vishikio vifutwe. Petroli na mafuta ya taa yasitumike kusafishia viti. Cheche moja yatosha.

Wako wanaosifu harufu za mimea. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2018, mafuta ya mnanaa yaliwafanya baadhi ya buibui kuhama, lakini mafuta ya limau, ambayo husifiwa sana, hayakuwatisha. Pamba yenye matone ya mnanaa ndani ya buti haina ubaya, mradi isihesabiwe kuwa badala ya ufagio.

Anunuaye gari lililotumika, lililoteremshwa melini kutoka Japani, na asafishe hivyo kabla ya kuliegesha karibu na nyumba. Mwezi Februari 2018 New Zealand ilizirudisha meli kadhaa za magari kutoka Japani baada ya kuonekana wadudu wanukao, adui wa mashamba ya matunda.

Wadudu wawili wastahili tahadhari ya peke yake. Wa kwanza ni yule mwembamba mwenye mapande mekundu na meusi, aitwaye inzi wa Nairobi, ingawa ni wa jamii ya mbawakawa. Huongezeka baada ya mvua kubwa, kama ilivyokuwa Kenya wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, na usiku hufuata taa ya ndani ya gari. Haumi; sumu imo katika maji ya mwili wake, na ampondaye shingoni huamka na malengelenge. Apulizwe kwa pumzi au aondolewe kwa karatasi, kisha ngozi ioshwe kwa sabuni.

Wa pili ni mbung'o. Huyu hufuata kitu kikubwa kiendacho, kwa hiyo huiandama motokaa porini kama aandamavyo nyati, na rangi ya buluu na nyeusi humvuta zaidi. Ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya 200,000 Busoga na kandokando ya ziwa kati ya 1900 na 1920, na Uganda ndiyo nchi pekee yenye aina zote mbili za ugonjwa huo. Ndiyo maana zamani paliwekwa vizuizi barabarani, watumishi wenye nyavu za mkono wakakagua kila gari lililotoka porini. Vioo vifungwe mapema kabla ya kuingia pori la mbung'o, mikono ifunikwe kwa nguo nzito za rangi hafifu, na kabla ya kurudi mjini gari lisimamishwe, dari na nyuma ya viti vitazamwe, na kila mbung'o aliyemo auawe kwa kitambaa. Aliyeumwa akapata homa siku au majuma ya baadaye amweleze daktari jina la pori alilopita.