Chanjo ya Malaria: Nani Alisema "Twende"?

Ukipanda matatu pale Suneka kuelekea Rongo, muda si mrefu umetoka Kisii na kuingia Migori. Barabara ni ile ile, na mbu hawaulizwi kitambulisho. Lakini Septemba 2019, Kenya ilipoanza kutoa chanjo ya malaria ya RTS,S, Migori ilikuwa miongoni mwa kaunti nane zilizochaguliwa. Kisii haikuwemo. Nani aliamua?

Wengi wetu hudhani kuna daktari mmoja mkubwa anayepiga muhuri, mambo yakaisha. Wapi! Huamua kamati, na mara nyingi bila uhakika kamili.

Chanjo hii ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika kati ya 2009 na 2014, ikiwemo Kombewa, Siaya na Kilifi. Kwa waliochanjwa wakiwa na miezi 5 hadi 17, dozi nne zilipunguza malaria kwa karibu asilimia 36 katika takriban miaka minne. Poa. Shida ni kwamba homa ya uti wa mgongo ilionekana zaidi kwa waliochanjwa. Ni sadfa au ni madhara? Hakuna aliyejua.

Sasa jiweke kwenye kiti hicho. Ukiharakisha, huenda ukaumiza watoto. Ukisubiri, malaria inaendelea kuwazika. Kutoamua pia ni kuamua.

Oktoba 2015, wataalamu wanaolishauri Shirika la Afya Duniani (WHO) walichagua njia ya kati: anzeni maeneo machache, mkihesabu kila kitu. Ghana, Kenya na Malawi zikaingia. Hapa kwetu zikatangulia kaunti za magharibi zenye malaria nyingi. Hata humo, sehemu nyingine zilisubiri kwanza ili matokeo yalinganishwe.

Oktoba 6, 2021, baada ya watoto zaidi ya 800,000 kuchanjwa, WHO ikatoa pendekezo: itumike. Ile hofu ya 2015 haikuthibitika.

Miaka sita ni mingi kwa mzazi anayemkanda mtoto mwenye homa usiku. Hiyo ndiyo bei ya tahadhari, na ni haki kuijadili. Ila kamati ilifanya jambo moja ambalo hata chama chenu cha mtaani kinaweza kuiga kabla ya kutoa pesa: kukubaliana mapema ni takwimu gani zitawafanya msonge mbele, na zipi zitawafanya msimame.